Kuangalia ni Kugusa

Jumatatu ile mzee Liévin aliamka na hasira, na safari hii haikuwa hasira dhidi ya serikali. Alikuwa amemkasirikia mwanamke mmoja wa mtaa wa Kasungami ambaye hajawahi hata kumwona.

Habari zilimfikia Jumapili nje ya kanisa, baada ya misa ya pili. Honorine, mke wa rafiki yake Aaron Katongo, ameleta mganga nyumbani kwao Katuba. Hilo peke yake lisingemnyima usingizi. Waganga alishawaona wengi: wa majani, wa maombi, wa kuchanja kwa wembe na kupaka dawa nyeusi. Kilichomchoma ni neno moja. Yule mama, walisema, anatibu kwa kantiki.

Liévin alilijua neno hilo la Kifaransa, la watu wa fizikia. Shule aliacha akiwa darasa la nne, lakini kwa miaka arobaini alisoma kila kitabu cha Kifaransa kilichotandazwa chini kwenye gunia sokoni, vingine havina jalada, vingine havina mwisho. Hivyo alijua kwamba huko Ulaya kuna elimu ya vitu vidogo kuliko vumbi, vidogo hata ukisema vidogo umevikuza, na vitu hivyo vina tabia za ajabu. Na alijua jambo lingine ambalo vitabu vile havikuliandika. Wakati wa vita vya Wazungu, baba yake alikuwa mpakizi wa reli. Alipakia mapipa ya udongo wa mgodi wa Shinkolobwe kwenye mabehewa, pipa baada ya pipa, kwa mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia ndani kuna nini. Udongo ule ulivuka bahari ukawa bomu. Wataalamu wakapata sifa zao, na baba akafa akikohoa, akiamini ni baridi ya asubuhi.

Kwa hiyo Liévin hakuweza kustahimili kuona elimu iliyokula udongo wa Katanga ikirudi Katanga mgongoni mwa matapeli. Mwaka uliopita alikuja mmoja, Jean-Claude, amevaa tai na amebeba sanduku. Ndani ya sanduku mna kompyuta na kijiti cha chuma. Shika kijiti dakika moja, alisema, mashine ya kantiki itakusomea mwili mzima. Watu wa mtaa wa Kenya walipanga foleni. Liévin akangoja zamu yake, akachukua kitambaa kibichi cha kupigia deki, akakizungusha kwenye kijiti na kumwambia bwana yule abonyeze. Mashine ikasoma. Ikasema kitambaa kina figo dhaifu na tezi dume imevimba. Jean-Claude alikunja sanduku lake na mpaka leo hajaonekana tena upande ule.

Sasa mwingine ameingia, na ameingia kwa Aaron.

Aaron alikuwa mtu wa tanuru, wa kuyeyusha shaba. Walisaini karatasi pamoja na Liévin siku ile kampuni ya mgodi ilipowatoa wafanyakazi kwa maelfu na kuita jambo hilo kuondoka kwa hiari. Mwezi wa nne mwaka huu damu ilimpanda kichwani, akaanguka mbele ya mlango wa choo, na upande wa kuume ukafa. Hospitali ilimwokoa. Ilimrudisha nyumbani na dawa za shinikizo la damu na karatasi ya mazoezi. Lakini Aaron aligeukia ukuta. Hakutaka mazoezi, hakutaka kiti, goti likaanza kujikunja. Kiné, yule dada wa hospitali anayenyoosha viungo, alikuja mara tatu na mara ya tatu alisema wazi: asipoanza kuweka uzito kwenye mguu huu kabla mvua hazijashika, mishipa itafupika, mguu utabaki hivi hivi mpaka kaburini. Wakati huo ulikuwa mwezi wa tisa. Vumbi lilikuwa bado jekundu, lakini mawingu ya kwanza yalishaanza kujaribu bahati yao.

Liévin alitembea kutoka mtaa wake wa Kenya mpaka Katuba, kwapani mfuko wa plastiki wenye daftari lake. Hakuenda popote bila daftari lile. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

Getini alimkuta Honorine amekaa kwenye kigoda, anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Papa Liévin, ngoja kwanza hapa."

"Ningoje nini? Miaka makumi ine minaingia mu hii nyumba bila kupiga hodi."

"Mama Mapalo alisema kila muntu angoje. Wee zaidi."

"Mi zaidi? Ananijua wapi?"

Honorine alirudi kwenye majani yake. Na hapo, kutoka dirishani, Liévin akasikia sauti ya mwanamke akitukana.

"We mbuzi, bado unalala? Sisi bachui tunapenda mbuzi ya kulala. Haina hata kazi ya kukimbiza. Lete ile mguu, nione kama iko na nyama."

Kisha akasikia sauti nyingine, ya kukwaruza, kama mlango uliokaa miezi bila kufunguliwa. Ilimchukua muda kutambua ni nini. Aaron alikuwa anacheka.

Hapo Liévin alielewa nusu ya jambo. Aaron ni wa ukoo wa Mbuzi, na kwa watu wa hapa, wenyeji waliokuwepo kabla ya mgodi wowote, Mbuzi na Chui ni watani tangu zamani za mababu. Chui ana haki ya kumtukana Mbuzi popote, kwenye harusi, kwenye kilio, hata mbele ya jeneza, na Mbuzi haruhusiwi kukasirika. Liévin mwenyewe, mtoto wa watu wa reli waliotoka kaskazini, hakuwa na haki hiyo. Kwa miezi mitano, isipokuwa jana yake hasira ilipomzuia, alikuwa anakuja kila Jumapili kukaa kando ya kitanda, na hajawahi kumchekesha rafiki yake hata mara moja.

Mama Mapalo, yule mganga, akatoka, anajifuta mikono. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa buti za shambani, ananuka tangawizi na mafuta ya mawese. Akavuta viti viwili, akampa Liévin kimoja, akakaa mbele yake.

"Njo wee huyu, wa daftari."

"Machine iko wapi?" Liévin aliuliza.

"Machine gani?"

"Ya kantiki."

"Mi sina machine, papa. Niko na maji ya moto, chumvi, na hii mikono."

"Na elektroni?"

"Elektroni iko mingi. Hata mu ile kiti unaikalia biko. Lakini mi siuzishe."

Honorine akainamisha kichwa kwenye sombe ili asionekane anacheka. Liévin akasogeza kiti mbele.

"Basi unielezee. Ni nini, kantiki? Juu bengine banasikia lile neno mu radio, asubuhi banaweka kibao ku mulango."

Mapalo hakuharakisha. "Bwana yangu alikuwa prof wa fizikia. Rigobert. Alifundisha hapa Katuba miaka makumi mbili na mbili. Kalasi haikukuwa na vyombo, hata glasi ya kuona mbali. Alikuwa anakata katoni na wembe, anatoboa matundu mbili, anashika tochi. Siku ya posho, Jumamosi, tunaenda ku shamba, analima mustari moya ya muhindi, ananifundisha. Analima ingine, ananiuliza. Nikikosea, anarudilia mustari. Ile mwaka tulivuna sana, juu nilikuwa mujinga."

"Endelea."

"Alisema hivi. Kitu kidogo sana, kama unataka kujua iko fasi gani, lazima uitupie mwangaza. Bila mwangaza hauone. Lakini ile kitu iko kidogo mupaka mwangaza yenyewe inaisukuma. Unaangalia, unaisukuma. Kuangalia ni kugusa. Hakuna macho ya bule."

Liévin alikuwa amekuja na jibu mfukoni, akalitoa. "Hiyo iko ya vitu vidogo. Mukulu ya Aaron, ile muguu, haiko elektroni."

"Nani alisema iko elektroni?" Mapalo alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halijaulizwa. "Mukulu iko nyama na mufupa. Inaomba maji ya moto, inaomba kunyooshwa kama chuma, pole pole. Inaomba kinini ya lopitalo, dawa ya damu, na ile kinini minamumezesha mi mwenyewe kila asubuhi, uliza Honorine. Asipokunywa kinini, mi sirudie hapa. Kantiki ni mufano, papa. Rigobert alikuwa anasema mufano ni sawa tochi. Unaishika juu ya kuona njia. Hauikule."

Liévin aliegemea kiti. Katika maisha yake amegombana na wakurugenzi, na wanasiasa wa vyama vitatu, na mapadri wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba neno lake kubwa ni mfano tu. Wote walitaka neno lao liliwe. Na mwanamke huyu wa buti za shambani analiweka mezani, anakuonyesha linapoishia. Hasira aliyotembea nayo kutoka Kenya ilianza kukosa pa kukaa.

"Siku mbili za kwanza," Mapalo aliendelea, "sikumugusa. Nilikaa mu kona. Mi sikumuangalia Aaron, niliangalia bale banamuangalia. Bamama banaingia na kitenge ya kilio kiunoni. Bananong'ona. Mujomba yake alipima kitanda na macho, hivi, sawa fundi wa sanduku ya maiti. Muntu mmoja aliuliza Honorine kama turubai ya kilio iko tayari. Muntu analala pale, anaguswa na macho ya namna ile kutoka asubuhi mupaka mangaribi, miezi tano. Wee ungesimama?"

"Mi simuangalie vile. Mi niko rafiki yake."

"Onyesha daftari."

Akalitoa kwenye mfuko. Lilikuwa daftari nene la jalada gumu, pembe zimefungwa kwa utepe wa umeme. Ndani yake Liévin aliandika wote waliosaini karatasi siku ile na baadaye wakafa: jina, sehemu ya kazi, tarehe, kilichomuua. Mia na arobaini na watatu. Kampuni haikuwahesabu. Serikali haikuwahesabu. Muungano wa wafanyakazi, ambao Liévin alikuwa mjumbe wake mpaka walipomchoka, haukuwahesabu. Yeye aliwahesabu, kwa baiskeli na kwa miguu, kilio kwa kilio, na kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu, alisimama makaburini akawasoma wote kwa sauti.

Mapalo aliyafunua makaratasi taratibu, kwa ncha za vidole. "Hii kazi," akasema, "hakuna profeseri alishaifanya. Kweli." Kisha akafika ukurasa wa mwisho, akaligeuza daftari na kuweka kidole.

*144. Katongo Aaron. Tanuru ya pili.* Mahali pa tarehe palikuwa wazi. Mahali pa ugonjwa palikuwa wazi.

"Siku ya tatu aliniambia," Mapalo alisema. "Neno ya kwanza alitoa kinywani. Alisema: Liévin alisha kuniandika. Alikuona, papa. Ku lopitalo. Ulizani amezimia. Jicho moya ilikuwa wazi."

Honorine aliacha kuchambua.

Liévin alikumbuka, kwa sababu yeye hukumbuka. Siku ya pili hospitalini, saa nane mchana, chupa ya maji inadondoka tone kwa tone. Alikuwa analia. Miaka ya nyuma aliwahi kumkosa mmoja, mtu aliyezikwa wiki tatu kabla Liévin hajasikia, na aliapa kwamba hakuna mwingine atakayeondoka bila kuandikwa. Akatoa kalamu pale pale juu ya goti. Kwake yalikuwa mapenzi. Jicho la Aaron lililokuwa wazi aliliona, lakini alilichukua kama jicho la mtu aliyeshaondoka. Na kila Jumapili baada ya hapo alikuja na daftari lile lile kwapani, akaliweka juu ya shuka, karibu na mkono uliokufa.

Akashika ukurasa ili auchane. Mapalo akaweka kiganja juu yake.

"Ukipasula, atasikia karatasi. Atasema unaficha."

"Nifanye nini basi, mama?"

"Sijue. Mi kazi yangu ni kumuamusha mbuzi. Hii iko kati yenu. Lakini usiingie na ile sura."

"Sura gani?"

"Ya kusoma majina."

Ukitaka kujua Liévin alikaa muda gani getini akitafuta sura nyingine, Honorine alimaliza sombe yote, akaiosha, akaanza kuitwanga. Ndipo akaingia.

Chumba kilikuwa na joto. Kwenye boriti ya dari ilining'inia kamba mpya, imefungwa fundo kila baada ya shubiri moja. Aaron alikuwa amelala chali, goti limeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga. Hakugeuza kichwa.

"Aaron. Nilikuandika."

"Minajua." Sauti ilitoka upande mmoja wa mdomo, nzito.

"Nilitaka kufuta. Nilisahau."

"Wee hausahau kintu."

Ilikuwa kweli, na Liévin aliona aibu ya kudanganya mbele ya mtu aliyemjua kuliko mke wake marehemu. Akakaa chini, sakafuni, si kwenye kiti cha wageni wa mgonjwa.

"Niliogopa," akasema. "Mi niko na majina. Sura yao biko kwako. Wee njo ulikuwa nao ku tanuru, mi nilikuwa ku mageti na ku mikutano. Ukienda wee, nitabakia nasoma majina sawa liste ya kura."

Kinu cha Honorine kilisikika nje.

"Na makosa," Aaron akasema.

"Makosa gani?"

"Ile daftari. Iko na makosa. Chilufya hakukuwa wa tanuru ya kwanza. Na ule wa kumi na... ule aliimbaka... hakufa ya malaria. Alianguka. Mwaka jana ulisoma vile ku makaburi, nilinyamaza juu ya heshima."

"Miaka yote hii unanyamaza?"

"Ulikuwa unalia. Muntu akilia, haumurekebishe."

Liévin alilifungua daftari ukurasa wa kwanza. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mjumbe anayetaka jibu kutoka kwa mwenzake. "Basi leo silii. Unirekebishe. Namba moya."

"Siwezi kuona nikilala hivi."

"Basi ukae."

Mlangoni, Mapalo, ambaye hakuna aliyemsikia akiingia, alikwenda kushika kamba.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Kila siku saa nne asubuhi Liévin alitoka Kenya, akafika, akakaa sakafuni, akasoma majina mawili, matatu, siku nzuri manne. Aaron alikaa kitandani, mgongo kwenye mto, baadaye bila mto, baadaye miguu chini, na alirekebisha. Huyu alikuwa na ndevu. Huyu aliogopa moto, kazi yake ya tanuru ilikuwa adhabu. Huyu aliacha watoto sita, si watano, wa sita wa nje, kila mtu alijua isipokuwa wewe. Walibishana mpaka majirani wakasimama ukutani kusikiliza, na wale wanawake wa vitenge vya kilio walipokuja hawakupata pa kuweka sura zao za huzuni. Wakati wanabishana, Mapalo alikuwa kwenye mguu. Maji ya moto na chumvi, kisha mafuta, kisha kuvuta goti kwa kipimo alichoonyeshwa na kiné, maana alimwendea yule dada hospitalini mwenyewe, akasimama foleni kama mgonjwa, akamuuliza: mwanangu, nivute mupaka wapi? Ni madaktari wangapi wa mji huu wamewahi kumwuliza mganga wa kienyeji swali kama hilo? Liévin aliandika jambo hilo pembeni mwa ukurasa, asije akalisahau.

Maumivu yalipozidi, Aaron aliacha kurekebisha, uso ukajaa jasho. Hapo Mapalo alimtukana. Mbuzi mzee, ngozi ngumu, hata ngoma haitafaa. Na Aaron, kwa kuwa Mbuzi haruhusiwi kukasirika, alivuta pumzi akamwambia Chui aende akatafune mbuzi wa mama yake.

Mvua zilishika mwisho wa mwezi wa kumi. Siku hiyo walikuwa wamefika namba mia na thelathini, na Aaron hajasimama. Goti lilikuwa limekubali nusu. Liévin aliusikiliza ule mlio wa bati, na Honorine akaweka ndoo chini ya tundu la paa. Kiné alisema kabla ya mvua. Mapalo peke yake ndiye aliyeinua uso.

"Alisema kabla hazijashika. Hakusema zikishika tuende kulala. Soma."

Akasoma.

Tarehe moja Novemba, kesho yake ikiwa Siku ya Marehemu, walimaliza namba mia na arobaini na tatu. Liévin akafunga daftari haraka.

"Iko ingine," Aaron alisema.

"Ile achana nayo."

"Ile siisome nikiwa naikala chini."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika fundo la kamba. Mapalo akapiga magoti, akaweka mikono miwili kuzunguka goti la kuume, na kwa mara ya kwanza tangu aje nyumba ile hakutukana. Honorine alisimama mlangoni, mikono ina unga wa bukari, ugali wa hapa. Kamba ilikaza, boriti ikalia. Aaron alipanda kama mzigo unavyopanda, kwa vipande, akisimama fundo kwa fundo. Goti halikunyooka lote. Alisimama amepinda kidogo upande mmoja, kama nguzo ya reli iliyogongwa na behewa, lakini kisigino cha mguu wa kuume kilikuwa kimekanyaga saruji na uzito ulikuwa juu yake.

"Funua," akasema.

Liévin akafunua ukurasa wa mwisho na kuuinua mbele ya macho ya rafiki yake. Aaron alisoma jina lake. Alilisoma polepole, kama alivyowasoma wengine, akitafuta makosa.

"Tanuru ya pili. Iko sawa. Tarehe hakuna."

"Hakuna."

"Andika leo."

"Aaron."

"Andika. Hapa mi siko na mukono ya kuandika, nashika kamba. Andika haraka, mukulu inachoma."

Liévin akaandika. Kalamu iliteleza mara mbili.

"Na pale pa ugonjwa?" akauliza.

Aaron alimtazama yule mwanamke mdogo aliyepiga magoti miguuni pake, anahema, buti zake zimejaa tope la Kasungami.

"Andika chui."

Mapalo alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye lile goti, na goti likatikisika, lakini halikuanguka. Kesho yake makaburini Liévin alisoma majina mia na arobaini na matatu, yote yamesahihishwa, kisha akafunga daftari. Namba mia na arobaini na nne bado imo. Ni kosa la pekee katika daftari lile ambalo aliliandika akijua ni kosa, na hajalifuta.